Nati Nyekundu ya Meneer Staf

Siku mliyoniaga pale karakanani mlinipa keki ya mchele, fulana isiyonienea na mashine iliyokufa. Keki imeliwa. Fulana anaivaa jirani yangu wa ghorofa ya chini. Haya ninayoandika yanahusu mashine. Sofie aliniomba niyaweke kwenye karatasi kabla hayajanipotea, na Ilias akaongeza kwamba iwe bila mahubiri. Nitajitahidi, ingawa mtu aliyelea wadogo zake hujikuta anahubiri hata anapoomba chumvi.

Nilianza kazi Bukavu, Kadutu, katika kinu cha kusaga mahindi na muhogo. Baba alikuwa amekufa, na mama akamfuata kabla hatujazoea kukaa bila baba. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu walikuwapo Noëlla na Innocent. Mwalimu wangu wa sekondari alikuja nyumbani kuuliza kwa nini sionekani darasani. Alinikuta nasonga ugali, Innocent amelala mgongoni mwangu. Akasimama kidogo mlangoni, akaondoka bila kuuliza swali lake.

Mwenye kinu, Papa Mugaruka, alikuwa na injini moja ya dizeli yenye silinda moja, kubwa kama jiwe la kaburi. Alinikalisha nikiipa mgongo. "Mutoto," aliniambia, "injini haisomwe na macho. Sikia, njo uniambie iko nafanya nini." Nikawa nakaa hivyo, mweupe kwa unga hadi kwenye kope, nikimtajia: sasa imepewa mahindi mabichi, sasa mkanda umelegea, sasa inataka maji. Nilipokosea hakunipiga. Alisema tu, "Inakucheka," na kweli ukisikiliza vizuri injini hiyo ilikuwa inacheka.

Vita, njia, kambi, ofisi zenye viti vya plastiki: hayo nilikwisha kuyasimulia mbele ya watu waliotakiwa kuyasikia, wakayapiga muhuri. Sitayarudia. Nifike Brussels, nilipopewa reki nikusanye majani katika bustani za manispaa, na siku moja nikamwambia msimamizi kwamba mimi naelewa injini. Wiki iliyofuata nilikuwa mbele ya Meneer Staf.

Nyinyi hamkumfahamu Staf akiwa kazini, kwa hiyo nimweleze. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu majira yote. Alizungumza Kifaransa, akatukana kwa Kiflemi. Asubuhi ya kwanza alinitia kiganjani kijidude cheusi chenye shingo nyeupe, akasema, "Niambie huyu alikuwa anakula nini."

Nilikigeuza. Dizeli ya Papa Mugaruka haikuwa na kitu kama kile. Lakini nilikuwa na watu wawili Bukavu wanaongoja nifaulu, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Hii ni sindano ya kupulizia mafuta. Imeziba."

Staf akavua kofia. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa haivui hata kanisani.

"Ket," akasema, "hiyo ni buji. Ndiyo inayotoa cheche. Injini za petroli bila hiyo ni vyungu vya maua." Akaniwekea kahawa, akamimina buji nyingi mezani na kuanza kunifundisha, kama vile siku nzima ilikuwa imetengwa kwa ajili hiyo. Yenye masizi meusi imekula petroli kupita kiasi. Nyeupe kavu ina kiu. Ya rangi ya kahawa ya maziwa imeshiba. Hadi leo siamini daktari asiyeanza kwa kunitazama ulimi.

Neno lile, ket, nililiuliza kwa watu. Wakaniambia watu wa Brussels humwita hivyo kijana mdogo wa mtaani. Nilikuwa na mvi mbili tatu kidevuni. Tangu mama azikwe, hakuna aliyekuwa ameniita mdogo; kila mtu aliniita mkubwa, na alipomaliza kuniita alinipa mzigo. Nilirudi nyumbani kwa tramu siku ile nikilirudia neno hilo kimoyomoyo kama mtu aliyeokota kitu na hataki mwenyewe ajitokeze.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitaje moja. Kulikuwa na mashine ya kukata nyasi iliyozimika kila mara katikati ya kazi, ikapumzika, ikawaka tena. Mfanyakazi aliyepewa mashine hiyo akaitwa mvivu, kwa kuwa kila akikutwa alikuwa amekaa kwenye nyasi. Staf na mimi tuliivua hadi mifupa, tusione kitu. Mwishowe nikafanya kama nilivyofundishwa Kadutu: nikaipa mgongo, nikafumba macho, nikaiacha ingurume. Kabla ya kuzimika ilivuta pumzi, kama mtoto anayenyonya chupa iliyobana. Tukafungua kifuniko cha tangi. Kitundu chake cha hewa kilikuwa kimezibwa na rangi. Mtu alikuwa ameipamba mashine upya wakati wa baridi akapaka hadi pua. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anaitwa mvivu, kwanza naangalia kifuniko.

Sasa desturi ya alama. Mnaijua, lakini pengine hamjui ilikotoka. Kila fundi wa karakana yetu ana rangi yake. Ukimaliza kukaza nati ya mwisho, ile ambayo ikilegea mtu ataumia, unaidondoshea tone. Na tone la mwenzako halivunjwi kabla ya kumuuliza. Unapaza tu sauti kuvuka karakana, "Staf, nafungua yako!" naye anajibu, "Fungua!" pamoja na jambo moja kuhusu mama yako kwa Kiflemi. Ilikuwa ni desturi yake yeye, na tone lake lilikuwa jekundu: rangi ya kucha ya mkewe, Madame Lisette.

Mimi sikuwa na rangi. Noëlla ndio kwanza alikuwa amekuja kuungana nami, tukaishi pale pale Saint-Gilles tunapoishi hadi leo. Nilimweleza. Akapekua mkoba wake akanipa kichupa. "Yaya, chukua iyi ya kijani. Niliinunua ku Matonge, lakini ku vidole yangu inafanana na ugonjwa." Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, wasomaji wa Mombasa wasidhani ninalea watoto kwa mshahara. Hivyo ndivyo mimi nilivyokuwa fundi wa kijani.

Na desturi ya pili, pia ya Staf: anayestaafu anachukua mashine iliyokufa, anaifufua kwake nyumbani juu ya meza yake mwenyewe, na anairudisha siku ya kwanza ya kukata nyasi, iwake mbele ya wote. Staf alipostaafu alichukua ile iliyokuwa imetupwa nyuma ya kontena. Aliirudisha ikinguruma hadi njiwa wakahama. Akaipa jina Belle-Mère, mama mkwe, kwa sababu, alisema, huanza kupiga kelele asubuhi na haikubali kuwa imechoka. Juu ya nati ya gurudumu zito, lile linalozunguka juu ya injini, aliweka tone jekundu kubwa kama kifungo cha koti.

Belle-Mère ilifanya kazi miaka mingi kwenye mteremko ule wenye majimaji nyuma ya bwawa. Tulipotaka kulegeza nati ile tulimpigia Staf simu, akajibu "Fungua!" na tusi, na baada ya kazi tulikwenda kwake apake tone jipya, kwa kuwa ilikuwa kisingizio kizuri cha kunywa kahawa. Kisha Staf akafa. Mlikuwapo wote kwenye mazishi. Kiangazi kilichopita Belle-Mère ikagonga mzizi kwa kishindo, ikazima, ikakataa kuwaka.

Mnakumbuka kilichofuata. Mmoja aliinama, akaona tone, akasimama. Wa pili vivyo hivyo. Karakana nzima ya mafundi, na kila mmoja akakumbuka ana kazi nyingine. Tuliisukuma pembeni na kuifunika turubai. Kisha mkuu mpya akatangaza kwamba tunahamia mashine za betri, na kwamba lori la vyuma chakavu litabeba zote za petroli baada ya siku ya kwanza ya kukata nyasi. Ibaki moja tu, alisema, ya kwenye mteremko ambako betri zinateleza na kuchoka. Lakini iwe inawaka. Ndipo mliponiaga, na Ilias akaivuta turubai.

Basi Belle-Mère ilikuwa yangu: iwake, au iende kwenye lori na kazi ya mwisho ya Staf ndani yake.

Ilias alinisaidia kupandisha injini ngazi zetu, ambazo zilijengwa kwa ajili ya watu wembamba wasio na mali. Niliiweka juu ya meza ya jikoni, juu ya magazeti. Ilikuwa inakunywa oili tangu zamani, kwa hiyo nilikuwa na sababu njema ya kuifungua yote. Nilivua kichwa chake, nikaikwangua kaboni kwa kijiti cha mbao, maana bisibisi huchuna alumini. Nilitoa pistoni kwa juu. Ringi zake zilikuwa zimechakaa hadi kung'aa kama kijiko cha chai. Nikaweka mpya. Valvu nilizisugua kwenye viti vyake kwa dawa ya msasa, nikizungusha kijiti kati ya viganja, huku na huku, kama mtu anayepekecha moto, hadi kila moja ikawa na mkanda mwembamba wa kijivu usiokatika. Wakati wa kurudisha gia ya valvu nililinganisha vile vidoti viwili, kimoja kwenye kila gia, vionane uso kwa uso. Mkisahau mengine yote, msisahau vidoti.

Kabureta niliichemsha katika maji na sabuni.

"Yaya," alisema Noëlla aliporudi kutoka kazini, bado na viatu vyake vyeupe vya kulelea wazee, "sombe itapikwa mu nini?"

"Mu sufuria nyingine."

"Nyingine umeweka vis ndani."

Nilichungulia. Kweli zilikuwa skrubu zangu.

"Bon," akasema. "Leo tunakula mkate. Lakini kwa Pâques wajomba ya kanisa wanakuja kula hapa, na mi sitawapa pistoni."

Nilipomaliza niliishusha uani, nikaifunga kwenye bodi yake, nikatia petroli, nikavuta kamba. Kamba ikanipokonya mkono, ikarudi ndani kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Nikavuta tena. Ikakohoa kupitia kabureta, puu, ikatoa kimoshi. Cheche nilizipima: zipo, za samawati, kali. Mbano upo. Petroli ipo.

Fundi yeyote kati yenu ameshajua. Mashine imegonga mzizi, kamba inarudi kinyume, injini inakohoa kwa nyuma: gurudumu zito limehama kidogo, na cheche zinafika wakati usio wake. Nami nilijua. Ndiyo sababu nilirudi juu nikasafisha kabureta.

Kesho yake nikaisafisha tena. Nikabadili buji. Nikabadili bomba la petroli, ambalo halikuwa na kosa lolote.

"Yaya," Noëlla akasema, akiwa anakata vitunguu kwenye kipembe cha meza nilichomwachia, "hii kabureta ulishaisafisha."

"Naisafisha vizuri."

"Mi siko fundi, lakini niko nakujua. Ukiwa na woga, unasafisha vitu. Siku ya examen ya Innocent ulisafisha viatu ya jirani. Jirani mwenyewe alishangaa." Akaweka kisu chini. "Ni nini hautaki kufungua?"

Nilimtajia nati ya Staf. Nikamweleza desturi, ingawa alikuwa anaijua.

"Alors? Meneer Staf ameshakufa."

"Ndiyo sababu."

Akakichukua kisu tena. Vitunguu vilikuwa vinamtoa machozi, au tuseme hivyo. "Sisi tulikuwa na wewe wa kuuliza," akasema. "Wewe ulikuwa na nani?"

Nilipangusa spana ambayo ilikuwa safi. Nilikuwa na Papa Mugaruka kwa muda mfupi, na nilikuwa na Staf. Huo ndio ukweli, na sikuwahi kuusema kwa sauti. Nati ile ikilegea, tone likipasuka, nitakuwa nimekubali kwamba nikipaza sauti kuvuka karakana hakuna tena wa kunijibu "Fungua!" Nitakuwa mkubwa tena, hadi mwisho.

Noëlla hakungoja jibu. Aliwasha jiko. "Utaenda kwa Maman Lisette. Bwana akifa, nyumba inabaki na mama. Umuulize yeye. Na hauendi mikono mitupu, nakukaangia beignets."

Madame Lisette anakaa Forest, karibu na kituo cha tramu, katika nyumba ambayo ndani yake kila kitu kinafunguka na kufungika kimya, kwa sababu Staf alipaka mafuta kila bawaba. Alinikaribisha jikoni, akachukua beignets, akaonja moja kabla sijakaa. Nikaeleza. Nilieleza kirefu, kwa adabu, kama mtu aliyekuja kuposa. Nilipofika kwenye tone jekundu alianza kucheka, akalazimika kushika meza.

"Umekuja hadi hapa kuniomba ruhusa ya kufungua nati?"

"Ndiyo, Madame. Sisi sote tulishindwa."

"Staf!" akasema. "Staf alifungua kila kitu duniani. Siku ya harusi ya binti yetu alifungua mashine yangu ya kufulia, na suti amevaa. Saa ya kanisani alitaka kuifungua, padre akamficha ngazi." Akajipangusa macho kwa aproni. "Na hiyo rangi yangu aliyokuwa ananiibia, alikwambia ni ya nini?"

"Kwamba nati isifunguliwe bila kumuuliza."

"Hapana, mpenzi. Mimi nilimuuliza siku ya kwanza alipoiba. Alisema: nikikaza vibaya, nataka wajue nani wa kumtukana." Akasukuma sahani kwangu. "Fungua. Na ukikuta amefanya ovyo, mtukane kwa sauti, atafurahi. Huko aliko wote wanasema kwa upole tu, lazima anachoka."

Nilipoaga alinipa kichupa cha mwisho cha rangi ile. Kilikuwa kimekauka, brashi imeganda ndani kama nzi kwenye utomvu. Alijua kimekauka. Alinipa tu.

Jioni ile, pale uani, Noëlla akiwa amesimama karibu yangu na koti lake la kazi, nilifunga spana kwenye nati. Nilisema, "Staf, nafungua yako." Sikungoja. Nikakaza mkono; tone likapasuka kwa sauti ndogo kama ganda la yai.

Kazi ya Staf haikuwa na kosa. Chini ya gurudumu kuna kijichuma kidogo kilichochomekwa kwenye mtaro, kinacholishika gurudumu mahali pake. Kimetengenezwa laini makusudi: mashine ikigonga mzizi, kikatike chenyewe, ule mhimili mkubwa usipinde. Kilikuwa kimekatika nusu. Kilikuwa kimefanya kazi yake, nasi tukaiacha mashine gizani kwa heshima tupu.

"Kumbe ni haka kadogo?" akauliza Noëlla.

"Ni haka."

Nilitaka kusema jambo la busara hapo kuhusu vitu vidogo vinavyokatika ili vikubwa vipone, lakini alikwisha kuniambia anaitaka meza yake kabla ya Pasaka.

Niliweka kijichuma kipya, nikarudisha gurudumu, nikakaza. Nikasogea nyuma. "Vuta wewe," nikamwambia.

"Mi? Na misumari iyi ya vidole?"

"Vuta."

Akaweka mguu kwenye bodi, kama alivyokuwa ananiona nikifanya. Belle-Mère ikawaka papo hapo, ikatoa wingu la moshi lililopanda hadi kwenye nguo za jirani wa ghorofa ya pili, ambaye alifungua dirisha akasema maneno ambayo Staf angeyaelewa. Noëlla alikuwa anaruka na kupiga makofi, na anapiga kelele kushinda injini, "Yaya! Inacheka!" Sikuwa nimewahi kumsimulia habari za Papa Mugaruka. Au nilimsimulia akiwa mdogo, usingizini.

Siku ya kwanza ya kukata nyasi mlikuwapo. Mvuto wa kwanza ulikataa, nikamwona Sofie anafumba macho. Wa pili ukakubali. Mkuu aliichukua mwenyewe, akashuka nayo mteremko wote na kupanda tena, akarudi na matope hadi magotini na uso wa mtu mwingine. "Elle reste," akasema. Inabaki. Lori likaondoka bila hiyo, na njiwa wakahama.

Sasa ile nati. Ilias aliniuliza siku ile kwa nini ina tone la kijani, na pembeni vipande vyekundu vilivyovunjika ambavyo sikuvikwangua. Vyekundu ni vya Staf. Kijani ni changu, na kimebaki kidogo kwenye kichupa. Noëlla hataki tena kukiona. Mashine itagonga mzizi mwingine, maana mteremko ni uleule. Itakapokataa kuwaka, msinipigie simu, na mkifika wakati ambao simu yangu haijibiwi, msiifunike turubai. Fungueni. Mkikuta nimekaza vibaya, nitukaneni kwa sauti, kwa Kiflemi kama mnaweza. Tone liko pale kwa ajili hiyo. Kisha wekeni la kwenu.